Makao Mapya ya Kamanda Opsius

Kamanda Opsius alipofariki, mjane wake Vibidia aliniita nimtungie shairi la kumpandisha mbinguni awe nyota. Hapa Roma wakubwa hawafi siku hizi. Wanahama tu kwenda juu, na sisi washairi ndio wapagazi wao. Nilikubali upesi. Mdomo ninao wa kutosha. Nyota ndizo nilikuwa sizijui.

Siku ya karamu ya matanga, wageni wakila mayai na dengu kando ya kaburi, niliweka sawa vazi langu la toga la kuazima nikaanza kughani. Nilimpitisha Opsius mawinguni, nikamkalisha ubavuni mwa nyota za Bikira apumzike milele. Kisha nikanyamaza, nikingoja vilio.

"Ubavuni mwa nani?" Vibidia akauliza.

"Mwa Bikira, bibi. Ni mahali pa heshima."

"Heshima gani? Miaka yote nimekesha nikimchunga mwanamume huyu, leo wewe unamtandikia kitanda kwa msichana! Mtoe huko!"

Nikatunga papo hapo, nikamhamishia kaskazini kwa nyota za Dubu. Mama wa marehemu, bibi kizee Okrisia, akaweka yai lake chini.

"Kwenye baridi yote ile? Mwanangu, na kifua chake kile? Wewe mshairi, ulizaliwa na mama kweli?"

Mgeni mmoja akapendekeza Simba. Jirani yake akasema kwa Simba kumeshajaa watawala. Nami, badala ya kufunga mdomo, nikanyoosha mkono kwa madaha kuelekea magharibi, ambako nyota ya kwanza ya jioni ilikuwa imeanza kung'aa.

"Tazameni! Amejichagulia mwenyewe!"

"Hiyo ni ya Venus," akasema Vibidia polepole. "Mungu wa kike wa mapenzi."

Nikaanza kutafuta njia ya kutorokea. Ghafla Vibidia akaangua kicheko, akacheka hata akashika jiwe la kaburi asianguke.

"Basi ndiye yeye! Hata kifo hakikumfunza adabu!"

Kicheko kikageuka kilio, kilio alichokuwa amekibana tangu msiba uingie. Okrisia akamkumbatia, wakalia pamoja. Hakuna aliyenikumbuka tena, nikala dengu zangu.

Baadaye nilikwenda kuliangalia kaburi. Walikuwa wamechonga: "Opsius, mume wa Vibidia. Yupo hapa." Nililizunguka jiwe lile pande zote nikitafuta jina langu, hata kwa herufi ndogo. Halikuwepo.