Karatasi ya Kumi na Saba

…maana kumi na nane ni kumi na nane tu, ukizitoa kwenye mia tatu na kumi na mbili unabaki na mia mbili tisini na nne, hesabu kwa vidole, hesabu kwa kurudi nyuma, zinapungua sita, na baraza la mji halitaki kusikia habari ya pungufu, wamebandika tangazo lao pale ukutani kwa herufi nene kwamba ombi lolote la wakazi liwe na sahihi mia tatu na lifike dirishani kabla ya saa sita mchana, asiyewahi asubiri kikao kijacho, miezi minne, na sasa ni saa tano na nusu, kioo cha namba juu ya dirisha kinaonyesha arobaini na saba, yeye ana hamsini na mbili, kijikaratasi kimeshalowa jasho kiganjani, na bahasha iko mapajani, imenona, na ndani yake, ya pili kutoka chini, ndiyo hiyo karatasi ya kumi na saba ambayo tangu jana jioni anajifanya hajaiona. Ameiona vizuri sana. Majina kumi na nane, sahihi kumi na nane, mwandiko mmoja, mwandiko mzuri ulionyooka, wa mtu aliyezoea kuchora kwa chaki juu ya kitambaa, na mtu huyo ni Baba Mdogo, fundi cherehani, rafiki wa marehemu baba yake, aliyewapokea yeye na mama yake walipofika huku ugenini na sanduku moja lililofungwa kwa kamba, akawapa chumba cha nyuma ya duka mwaka mzima na hakuwauliza hata siku moja mtahama lini… mtu kama huyo unamwambiaje? Alipoiona karatasi alisema niachie hiyo, watu wangu nitawashughulikia mwenyewe, akairudisha imejaa hadi mstari wa mwisho, wanawe, wake zao, shemeji zake, mjomba wao mlinzi anayeshinda amelala, wote. "Nimewasainia," akasema, kwa furaha kabisa, futi imemning'inia shingoni. "Wasumbuliwe wa nini, mimi si mkubwa wao?" Naye, ambaye miezi miwili amepanda ngazi za majengo yasiyo na lifti, amegonga milango hadi watu wakamwita Bi Karatasi, amebwekewa na mbwa na kuambiwa na wanaume waliovaa pajama mchana kweupe kwamba akatafute mume badala ya siasa, akawajibu na wakasaini, yeye huyo huyo alisema nini? Alisema ahsante Baba Mdogo, Mungu akuweke.

Mwenyekiti wa chama chao cha wakazi alikuwa anasema kitu, kando yake, amevaa suti yake ya harusi ambayo vifungo viligoma kufunga tangu mtoto wa pili, teksi yake ameiegesha mahali pabaya na kila dakika ananyoosha shingo dirishani kuiangalia, anasema tukitoka tupige picha pale kwenye ngazi, wewe ushike bahasha, mimi nishike… ashike nini, bahasha ni moja… anasema mkalimani huyo tunayemwomba hata akija siku mbili tu kwa wiki pale zahanati itakuwa mara ya kwanza hawa watu kutupa kitu tulichokiomba wenyewe, na hapo hajakosea, Mungu mwenyewe anajua hajakosea. Kisha akainama, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali. "Hao hawaangalii mwandiko, Bi Karatasi. Wanahesabu mistari. Mstari, mstari, mhuri, basi." Kwa hiyo naye ameiona. Labda hawaangalii kweli, labda yule mama wa dirishani mwenye miwani ya kamba amechoka, mgongo unamuuma, atahesabu na kugonga, na kwani kosa liko wapi, walikotoka mkubwa wa nyumba akiweka dole gumba amewawekea wote hadi aliye tumboni, hakuna aliyeona ni wizi, ilikuwa ni adabu, ilikuwa ni kupunguziwa mzigo, na Baba Mdogo hajui kwamba huku sahihi ni kama mswaki, kila mtu na wake, hajui kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia, na ile miezi minne je, kuna watu pale majengoni hawana miezi minne, yule bibi wa ghorofa ya tatu anayemeza vidonge vya usiku asubuhi na vya asubuhi usiku kwa kuwa maelezo yameandikwa kwa lugha asiyoielewa, yeye atangojea kikao kijacho? Peleka tu. Majina kumi na saba kati ya yale hayana neno, ukiwauliza wangesaini huku wanakula.

Mstari wa tisa ndio wenye neno. Mstari wa tisa ni wifi yake, mke wa mtoto mkubwa wa Baba Mdogo, wanafanya kazi pamoja chumba cha kufulia cha hospitali, wanakunja mashuka siku nzima, kila mmoja kashika pembe mbili, mnarudi nyuma mnavuta, mnasogea mnakutana katikati, mnarudi nyuma, mnasogea, na huwezi kuongea jambo la maana ila pale katikati mnapokutana, vidole vinagusana, mashine zinanguruma, na ni pale ndipo wifi alipomnong'oneza wiki tatu zilizopita. "Nisamehe, wifi. Mimi usiniandike. Faili langu la kibali cha kuishi bado liko mezani kwao, sitaki jina langu lionekane popote." Akarudi nyuma na shuka lake. Waliposogea tena yeye akamwambia haina shida, wala usijali, nani atakulazimisha. Nani atakulazimisha! Na jina lenyewe ameliandika vizuri mzee wa watu, lote, la kwanza hadi la ukoo, na anwani, na yule mama wa miwani akiamua kulinganisha miandiko siku ambayo hajachoka, barua itakwenda pale nyumbani, bahasha ya kaki yenye nembo, na wifi ataipokea amesimama jikoni, na ataisoma kwa shida, neno kwa neno, kwa kuwa mkalimani hayupo…

…maneno mengi, alisema mama. Daktari kasema maneno mengi. Hapana, si sasa, lakini limeshaingia, chumba kile kidogo chenye karatasi ndefu juu ya kitanda, daktari anaongea huku anatazama kompyuta, mwambie mama yako hivi, mwambie mama yako vile, ule uvimbe umeshasambaa, miezi mitatu, labda minne, kama kuna mambo anataka kuyaweka sawa ayaweke, na mama kakaa wima na mkoba mapajani anautazama mdomo wa binti yake, anasubiri zamu yake ya kupewa, na mdomo ukasema ni vidonda vya tumbo, Mama, utapewa dawa, upunguze pilipili. Mama akaitikia kwa kichwa. Walipokuwa wanashuka ngazi, ngazi ya nne au ya tano, akasimama kupumzika. "Daktari kasema maneno mengi, mwanangu. Wewe umenipa machache." Naye akacheka, akamwambia lugha yao ndivyo ilivyo, Mama, inazunguka sana kabla ya kufika, na mama akacheka pia. Wiki ya tisa akafa. Alikuwa na dada yake ambaye hawajasemeshana miaka saba kwa sababu ya kiwanja, na hakumpigia, kwa nini ampigie, nani alimwambia kuna haraka. Na kwenye kila mlango, miezi miwili yote hii, yeye amesema nini? Amesema mama yangu alikufa bila kuelewa alichoambiwa, tunataka mkalimani, na watu wakatikisa vichwa wakachukua kalamu… bila kuelewa! Kana kwamba mama alikuwa mjinga. Mama hakuambiwa. Alikuwa naye mkalimani, mkalimani mwenyewe alikuwa mwanawe, akayakata maneno kwa mapenzi, akaamua mama yake, mtu mzima, anastahili kubeba kiasi gani. Na Baba Mdogo naye kakata kwa mapenzi. Na yeye leo akiipitisha ile karatasi atakuwa kamsemea mwanamke mwingine aliyemwambia wazi, uso kwa uso, mara hii hata bila kisingizio cha lugha.

Akaitoa. Bahasha ilipasuka kidogo pembeni. Mwenyekiti aliuliza anafanya nini, akauliza tena, akamkumbusha mia mbili tisini na nne si mia tatu, kana kwamba yeye hakuhesabu usiku kucha, akasema watu watatuchekaje, akasema na suti nimevaa, maskini, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli. Yeye akaikunja karatasi mara nne, akaikalia. Aliogopa sana, alishikwa na hofu ile ile ya mtoto aliyevunja kitu cha wageni, na hivyo hivyo akaitafuta namba ya duka.

Simu iliita mara tatu. Nyuma ya sauti ya mzee cherehani ilikuwa inakimbia.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Marahaba mwanangu, akasema, mmeshapeleka?

"Karatasi yako nimeitoa. Anayetaka kusaini aje asaini mwenyewe, nipo hapa barazani mpaka saa sita. Asiyetaka asiulizwe."

Cherehani ikasimama. Kwenye kioo ilikuwa bado arobaini na saba, mwenye namba hiyo anatafuta kitambulisho mfuko wa tatu. Yeye alizoea kuwaomba wazee samahani mahali kama hapo, safari hii hakuomba, na mzee akauliza, taratibu, kwa ile sauti anayomwulizia mteja anayedai suruali imekuwa fupi:

"Nani amelalamika?"

Jina la wifi lilikuwa karibu, lingemwokoa, lilikuwa jepesi tu kulitoa.

"Mimi, Baba Mdogo," akasema. "Nimelalamika mimi."