Kipande cha Katikati

To. Kimya kidogo. Kisha to tena.

Giza lilikuwa bado zito, lakini sikuhitaji taa kujua ni nini. Nepi niliyoifua jana usiku nilipotoka darasa la jioni ilikuwa inadondosha maji kwenye beseni. Kamba yetu ya nguo ilitoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlangoni, na chini yake tulilala wote: mimi, mume wangu, mtoto mchanga na dada yake, Chiriku. Nepi za juzi nazo zilikuwa zimening'inia pale pale, mbichi, zinanukisha chumba.

Chiriku tulimpa jina hilo kwa sababu akianza kusema hanyamazi. Asubuhi, hata hivyo, alikuwa hasemi. Asubuhi kifua chake kilikoroma, na ilibidi akohoe weee, mpaka machozi, ndipo apate neno la kwanza, nalo lilitoka limekwaruzika. Muuguzi wa kliniki hakunificha. "Mama, dawa nitakupa," alisema. "Lakini mtoto huyu anataka hewa kavu, na hiyo mimi siigawi hapa."

Ndiyo maana siku ile ya kuchagua kiwanja ilikuwa kubwa kwetu. Akiba yetu ilitosha kiwanja kimoja tu, na ardhi si kiatu kwamba kikikubana unakirudisha dukani. Mwenye kuuza alikuwa na sehemu mbili kwenye kilima kimoja, nje kidogo ya mji: moja bondeni, nyingine kileleni. Tulishazitembelea mara moja, mchana wa jua kali, na mchana wa jua kali kila mahali ni pazuri.

Mama mkwe wangu alikuwa amechagua bondeni hata kabla hajavua kitambaa cha vumbi kichwani. Alichota udongo mweusi, akaufinya, akaunusa, akasema, "Hapa." Basi. Mume wangu ni fundi muashi, husimamisha ukuta ukanyooka kama mshale, lakini mbele ya mama yake magoti yake ni ya udongo mbichi. Naye akasema, "Hapa, Mama."

Lakini wiki ile ile, darasani, tulisoma kwamba hewa ya baridi ni nzito, na usiku huteremka mlimani ikaenda kujikusanya chini. Sentensi hiyo ilininyima usingizi kuliko mtoto.

"Hewa inateremka?" mama mkwe, aliyekuwa amefika mapema, aliuliza asubuhi ile, akipuliza chai yake. "Ina miguu?"

"Haina, Mama. Inateremka kama maji."

"Na maji yakiteremka ndiyo mahindi yanakunywa. Mwanangu, udongo mweusi ndio unaolisha watoto. Mengine hayo ni masomo."

"Ndiyo, Mama," nilisema. Kisha nikaanua nepi mbili kwenye kamba, zile zile mbichi, nikazitia kwenye mfuko pamoja na vibanio.

Mume wangu alinitazama. "Kwani huko tunakwenda kufua?"

"Tunakwenda kuanika."

Muuzaji alitungoja barabarani. Sisi wenyewe tulimwita Kesho Hakuna, maana kila alichosema kiliishia hapo: amueni leo, kesho hakuna. Alituongoza bondeni kwanza. Jua lilikuwa limeshapanda, lakini kule chini ukungu ulikuwa bado umelalia majani, na tulipofika katikati ya kiwanja viatu vyetu vilikuwa vimelowa.

"Ukungu huu vipi?" nikauliza.

"Wa leo tu huo."

"Na jana?"

"Jana sikuja."

Nilibana nepi ya kwanza kwenye tawi. Kesho Hakuna alinitazama, akamtazama mume wangu, akamtazama mama mkwe, akitafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. "Nimeuzia watu wa kupima kwa kamba," alisema, "na wa kupima kwa hatua. Wa kupima kwa nepi ndio nyinyi wa kwanza."

"Usinihesabu," alisema mama mkwe, akajikalia kwenye jiwe. "Mimi nawasindikiza."

Alibaki pale pale na udongo wake. Sisi tukapanda kileleni, mtoto mgongoni, Chiriku mbele akikohoa na kuuliza maswali kwa zamu. Kule juu, kweli, unaiona dunia yote. Mume wangu alisimama ameshika kiuno, akawa kama mtu aliyekwisha kupata nyumba. Nilibana nepi ya pili kwenye kigingi cha mpaka. Akaanza kunionyesha mlango utakapokaa, lakini upepo ulikuwa unamnyang'anya maneno mdomoni.

"Nini?" nikauliza.

"Mlango."

"Nini?"

"Nimesema mla—" Kofia yake ikaondoka. Akaikimbilia, na alipokuwa anainama kuiokota, nepi nayo ikavunja kibanio, ikapaa ikishuka kilima kama kuku aliyeona mwewe.

Chiriku akaifukuza. Mimi nikamfukuza Chiriku. Mtoto mgongoni akacheka kila niliporuka jiwe, akidhani mchezo huu umeandaliwa kwa ajili yake.

Nilimkuta Chiriku kiunoni mwa kilima, nyuma ya kigongo cha mawe. Nepi ilikuwa imenasa kwenye kichaka, naye ameketi chini yake anapanga vijiwe. Nikasimama kuvuta pumzi, na hapo ndipo nikagundua kwamba naisikia pumzi yangu mwenyewe. Upepo ulikuwa unapita juu yetu, unakwenda zake. Nikatazama chini: ukungu ulikuwa umeishia mbali, kama umechorewa mstari usivuke. Jua lilikuwa limetukalia sisi, bila pupa. Nikaishika nepi. Katikati ilikuwa imekauka; kwenye pindo tu ndiko kulikobaki unyevu.

Sikuiondoa. Niliibana vizuri pale pale kichakani, nikakaa nikanyonyesha.

Mume wangu alifika na kofia mkononi, Kesho Hakuna nyuma yake anahema.

"Na hapa pa nani?" nikauliza.

"Hapa? Hapa pangu pia. Lakini kipande cha katikati wateja hukiruka. Watu wanataka chini kwa ajili ya udongo, au juu kwa ajili ya kuonekana. Hapa pameinama, mama. Ukidondosha sufuria, utaikuta kwa jirani."

Mume wangu alikuwa anagonga mawe ya kile kigongo kwa kisigino, moja baada ya jingine, akisikiliza. Namjua mtu wangu. Akigonga hivyo ameshaanza kujenga. "Msingi huu hapa," alisema polepole. "Mawe sinunui. Nakata ngazi mbili, nyumba juu, bustani chini. Maji ya mvua yanapita pembeni, sio mlangoni." Kisha akakumbuka, sauti ikashuka. "Lakini Mama."

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipomwona Mama anapanda. Alipanda taratibu, na begani alikuwa amebeba nepi yetu ya bondeni. Hakuna aliyemtuma kuianua. Alipofika aliiweka mikononi mwangu. Ilikuwa nzito na baridi vile vile kama nilivyoitoa mfukoni asubuhi. Akaigusa ile ya kichakani. Ilikuwa kavu mpaka pindo, na ngumu kidogo, kama nguo zinavyokuwa zikipendwa na jua.

"Mama," mume wangu alianza, na magoti yake yale, "mimi naona anayelala chini ya hizo nepi ndiye anayejua. Mke wangu achague."

Nilishusha macho. Hakuwahi kusema sentensi kama ile mbele ya mama yake, na niliogopa itamrudia.

Mama mkwe alimtazama Chiriku na vijiwe vyake. "Nililea wanne bondeni," alisema. "Chakula hakikupungua hata mwaka mmoja. Na huyu mumeo, alipokuwa mtoto, kifua kilikuwa kikikoroma usiku kama paka. Nikamwogesha majani, nikamfunga vitambaa. Nilidhani ni cha ukoo."

Kisha akainama, akachota udongo, mwekundu huu, akautemea mate, akauviringisha kiganjani. "Unashika," alisema. "Una njaa, lakini samadi si kitu cha kufuata ng'ambo. Haya, muulizeni huyu bei, kabla kesho yake haijaisha."

Tulijenga kidogo kidogo. Mume wangu alikata ngazi zake mbili, akaweka mgongo wa nyumba kwenye kigongo cha mawe na mlango kwenye jua la asubuhi. Aliongeza upenu mpana, wa kupita kiasi, na chini yake akanifungia kamba. Samadi tulibeba wote, hata Mama. Watu wakipita barabarani husimama wakauliza nani aliona mahali pale, na Mama hunitangulia kujibu. "Mkwe wangu," husema. "Ana elimu ya jioni huyo."

Tulihamia mvua kubwa ilipoanza. Ilinyesha mchana kutwa, na bonde lote lilipotea ndani ya ukungu. Alfajiri niliamka, nikasikiliza. Hakuna tone. Mtoto alipumua, mume wangu alipumua, na kitanda cha Chiriku kilikuwa kitupu, mlango uko wazi kidogo.

Alikuwa nje, chini ya upenu, amepanda juu ya kigoda, mikono yote miwili kwenye kamba. Alinisikia, akageuka. Nilingoja kikohozi. Hakikuja.

"Mama," akasema, "nepi zimekauka."