Ritifaa ya Mwalimu Ndulu

Mwaka 1998 chuo cha kupiga taipu cha Bwana Iddi, hatua chache kutoka Kona ya Musa, kilikuwa na taipureta kumi na moja, kompyuta moja, na mkurugenzi aliyeamini kwamba kompyuta ni televisheni iliyokosa antena. Mkurugenzi alikuwa Iddi mwenyewe. Kazi yote iliangukia kwa Ndulu, mama wa Kikamba aliyezaliwa kwenye mashamba ya skimu ya makazi kule Shimba Hills, akaolewa Kombani, na ambaye vidole vyake vilikuwa vimepiga taipu miaka ishirini bila yeye kutazama chini.

Kompyuta ile ilitumia Linux, mfumo wa bure uliokuja katika CD mbili. Mtalii alizisahau hotelini Diani, na Purity, mpwa wake Ndulu aliyekuwa mapokezi pale, akamletea shangazi yake. Humo mlikuwa na programu ya kufundishia taipu, jina lake Kymppi, na wanafunzi waliipenda mpaka walipofika zoezi ambalo Ndulu alilitunga kwa Kiswahili. Mtu akiandika "ng'ombe," programu inazimika pap! Si ng'ombe peke yake. Ng'ambo, ng'oa, ng'ara: popote palipokuwa na kile kijialama cha ritifaa, mashine ilikata roho.

"Mwalimu, nimetupwa nje tena," alilalamika Kahaso, mwanafunzi kutoka Msambweni. "Mara ya tisa leo. Huyu ng'ombe hanitaki."

Ndulu akamwandikia aliyeitunga programu, Mfini mmoja aitwaye Pekka, kwa Kiingereza, kwa barua pepe ya hotelini. Jibu lilipofika, Purity alilichapa na kumsomea palepale kaunta. Pekka alikiri kwamba kosa lipo, lakini hakujua Kiswahili wala hakuwa na wakati. Msimbo wote wa programu, yaani maandishi iliyotungwa kwayo, uko wazi, alisema. Mama aweke kompaila, alirekebishe kosa mwenyewe, kisha amtumie marekebisho ayatie ndani. Aliambatisha kurasa nne za maagizo.

"Anti, huyu mzungu si anakupatia job yake, na ni ya bure?"

"Ni kama Bwana Iddi tu," alisema Ndulu. "Ila huyu ameomba kwa adabu."

Kompaila ndiyo programu inayogeuza maandishi ya mtu yakawa amri za mashine, na ilikuwa katika CD ya pili, pamoja na msimbo wa Kymppi. CD ya pili nayo ilikuwa imening'inia kwenye kijiti katikati ya mtama wa Mzee Dzombo, jirani yake Ndulu, ikifukuza ndege. Ndulu ndiye aliyempa kwa mkono wake mwenyewe, alipoona kwamba mashine inawaka kwa ile ya kwanza tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Waonaje mtama?"

"Umependeza, mashaallah. Mzee, nimekuja kwa ile sahani yangu."

Dzombo akaitazama CD ikizunguka na kumetameta juani. "Sahani hiyo imefanya kazi kuliko wanangu watatu," alisema. "Na haili. Huipati."

Ndulu akatoa kifuniko cha sufuria alichokuja nacho. Mzee akakigeuzageuza, akamrudishia. "Hiki ndege watakuja kujipakulia."

Kesho yake kioo cha msalani pale chuoni kikatoweka, kile ambacho Bwana Iddi alichania ndevu zake kila mara kabla ya swala. Mzee Dzombo alikipokea kwa mikono miwili, akajitazama meno, akaridhika. Bwana Iddi akawa anakwenda msikitini na ndevu zilizolala upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa na mbuzi. Alipouliza, Ndulu alimjibu kwamba kioo kimekwenda kusaidia elimu, naye hakuuliza zaidi, maana neno elimu lilikuwa likimtisha siku zote.

CD ilikuwa na mikwaruzo na vinyesi vya ndege waliokuwa hawaiogopi. Ndulu aliiosha, akaisugua kwa dawa ya meno na kipande cha kanga kuukuu, akaitia mashinini. Ilikoroma, ikagoma. Akaisugua tena, ikagoma tena. Mara ya tatu ikakubali, na kompaila ikaingia.

Akaiamuru ijenge Kymppi. Ikamjibu kwa makosa mia mbili na kumi na manne.

Mtu mwingine angezima mashine akaenda kunywa chai. Lakini Ndulu alikuwa amepitisha ujana wake akisafisha barua za mabwana wasiojua kuweka nukta, na makosa hayakumtia hofu. Alianza na lile la juu kabisa: kulikosekana faili moja. Akaitafuta kwenye CD, akaiweka, na makosa mia mbili na kumi na matatu yakatoweka kwa pamoja. Lililobaki lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa ameandika herufi kubwa pasipostahili. Aliona haya, ingawa hakuna aliyemwona.

Ndipo akausoma msimbo, mstari kwa mstari, kwa ujuzi wa kozi ya kompyuta ya miezi sita aliyosoma Mombasa, na siku ya tatu akakuta penye ugonjwa. Programu iliichukulia ritifaa kuwa ndio mwisho wa somo. Akabadilisha mistari miwili, akaijenga programu upya, akaandika ng'ombe. Haikuzimika. Mashine ikasubiri neno linalofuata. Ndulu akapiga makofi peke yake darasani, akaenda kumpa Purity flopi yenye marekebisho ayatume.

Pekka alijibu kwamba marekebisho ni sahihi lakini hayapokeleki: mistari imesogezwa ndani kwa kitufe cha nafasi badala ya kitufe cha tab. Akaongeza kwamba huenda mama hajaizoea kibodi.

Purity alipofika hapo alishusha sauti. Ndulu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Niondokee hapo kitini," alisema.

Aliandika kwa vidole kumi bila kutazama chini, na wageni mapokezini walichungulia nje wakidhani mvua imeanza. *Ndugu Pekka, nimesoma maagizo yako mara mbili. Hayataji tab popote. Yana makosa kumi na saba ya tahajia. Naambatisha marekebisho yenye tab, pamoja na maagizo yako niliyoyasahihisha.*

Jibu lilichukua siku nne. Pekka alikuwa amevipokea vyote viwili, ameomba radhi, na toleo jipya lilikuwa na jina la Ndulu katika orodha ya waliochangia.

Toleo hilo lilipoingia chuoni, Kahaso ndiye aliyetangulia kukaa. Akamwandika ng'ombe, akampita, akaenda hadi mwisho wa zoezi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Darasa likashangilia. Kisha kioo cha mashine kikatoa hesabu: maneno manane kwa dakika, makosa arobaini na mawili.

Kahaso aliisoma hesabu ile upya, akiifuata kwa kidole.

"Mwalimu," alisema, "ile ya zamani haiwezi kurudishwa?"

"Weka vidole mahali pake," alisema Ndulu. "Anza upya."