Mayai Yaliyopakwa Mawese

Mimi nina mdomo, sikatai. Mume wangu Fadhil alishaniambia utaniponza, na siku ya kumi na nane ya mayai ukaniponza kweli.

Mayai yenyewe yalikuwa kumi na mawili, ya kuku wa mama mkwe wangu, Bi Kulthum. Kideri kilipopita mtaani kwetu hapa Rumonge, kilimmalizia kuku wote kwa siku nne. Kuku wa ukoo mmoja, aliowarithi kwa mama yake. Yakabaki mayai aliyookota kabla ya ugonjwa. Nikamwambia, Mama usilie, nitayaangua mimi. Fadhil akageuza friji bovu kuwa mashine: balbu mbili, sahani ya maji, kipimajoto. Mimi nikawa nayageuza kila baada ya swala, mara tano kwa siku. Umeme ukikatika, nayazungushia chupa za maji ya moto.

Siku ya kumi na nane hayageuzwi tena, yanaachwa yatulie. Nikaenda sokoni kununua ndagala, dagaa wa huku kwetu, nikamwachia Mama ulinzi. Narudi, nachungulia, yallah! Mayai mekundu, yanang'aa. Bi Kulthum alikuwa ameyapaka mafuta ya mawese, moja moja, kama anavyopaka vichanga vya mtaa mzima.

"Niliona ganda limekauka, mwanangu," akasema. "Nikayahurumia."

"Umeyaua, Mama! Yai linapumua kwa ganda! Usiguse tena kitu changu humu ndani!"

Kitu changu! Mayai yake, nyumba ya mwanawe. Lakini neno likishatoka halirudi. Akanawa vidole, akaenda kukaa uani. Nikabaki nayafuta kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, huku naona alivyoyapaka kwa uangalifu, hakuruka hata moja.

Jioni akamwambia Fadhil kwa upole, "Yakifa, nipeleke Minago kwa dada yako. Sitakaa kwenye nyumba nilimoua."

Nilipomzaa Ghada, ni huyu mama aliyenikanda na kunilisha arobaini nzima, mimi ambaye mama yangu alishakufa. Akiondoka, nabaki na nani? Nilitaka kumwomba radhi. Mara mbili nilimfuata uani, na mara zote mbili nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Kutukana nimejaliwa, kuomba radhi sikufundishwa.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi kimya. Adhuhuri kimya. Nikaona Mama anakunja kanga zake. Baada ya Alasiri nikabandika sikio kwenye mlango wa friji. Nikasikia kitu, chembamba sana. Nikadhani ni masikio yangu. Kikalia tena. Nikamulika kwa simu: yai moja limetoboka, na ndani kuna kitu kinasukuma.

"Mama! Mama weee, njoo!"

Nilipiga yowe hadi jirani yetu Evangelina akaja mbio na ndoo ya maji, akijua nyumba inaungua. Bi Kulthum akafika, akasimama kizingitini, haingii. Nikamshika mkono nikamvuta hadi mbele ya mashine. Tukakaa chini sote watatu, Evangelina na ndoo yake.

Kufika Magharibi walikuwa wametoka vifaranga wanane. Mayai manne hayakuanguliwa, na kama ni mafuta au ni umeme, anajua Mungu. Wanane, alhamdulillahi! Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mihogo kichwani. Wa kwanza alishakauka manyoya, rangi ya kahawia yenye mistari, rangi ile ile ya kuku wake.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nilikuvunjia heshima. Usiende popote." Nikaangua kilio, kwa sauti, mbele ya Evangelina, bila haya.

Bi Kulthum akanifuta machozi kwa upindo wa kanga yake.

"Taratibu basi, mwanangu," akasema. "Hawa wamefika leo tu. Hawajakuzoea kama nilivyokuzoea mimi."