Matokeo Yenye Jina la Kavata

Kavata alikuwa amefundisha utunzaji wa udongo kwa miaka kumi na minne katika chuo kimoja cha kilimo chini ya milima ya Mbooni. Mapema mwaka wa 1988, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Ndungu alikuja kutoka Nairobi, akakaa naye wiki sita akimuuliza jinsi anavyosahihisha mitihani. Jibu hili ungelipatia alama ngapi? Kwa nini? Kavata alimweleza yote. Aliambiwa maelezo yake yatatiwa kwenye mashine ya kusahihisha, nayo itampunguzia kazi.

Mwezi wa Julai, Ndila, mwanafunzi wake kutoka Tseikuru, alimngojea mlangoni mwa ofisi na karatasi ya matokeo.

"Madam, nimekukosea nini? Umenipa sufuri."

"Mimi? Sijasahihisha hata mtihani mmoja."

"Jina lako hili hapa."

Lilikuwepo kweli, limepigwa chapa chini ya alama. Swali lililopewa sufuri lilihusu shamba lililochoka. Ndila aliandika kwamba asingelima. Angehamishia boma la mbuzi pale kwa miezi sita, samadi irudishe nguvu, ndipo apande mtama. Nyanya yake alifanya hivyo. Kavata angempa alama zote.

Aliingia kwa mkuu wa chuo, Bwana Musembi, bila kubisha. Ndungu alikuwa humo akinywa chai.

"Nani amewaruhusu kutumia jina langu?"

"Tulia, Madam," Musembi alisema. "Mashine inafuata maneno yako mwenyewe. Ni kama wewe, ila haichoki."

Kavata akamgeukia Ndungu. "Nilikuambia nafanya nini nikipata jibu ambalo sikulitarajia?"

Ndungu alitazama kikombe chake. "Unamwita mwanafunzi, unamuuliza."

"Na mbona hukuliweka hilo kwenye mashine?"

"Mashine haiwezi kumwita mtu. Tuliliacha hilo."

"Mkaliacha, mkabakiza jina langu!" Alipiga meza, chai ikamwagika. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Ndungu! Hayo mengine yote mtu anaweza kukariri."

Musembi alisema matokeo yameshatumwa wizarani.

Kavata alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa matangazo na kuanza kukata jina lake kwenye kila karatasi, akikandamiza kalamu hadi karatasi zikachanika. Wanafunzi walijaa nyuma yake.

"Alama hizi si zangu," aliwaambia. "Aliyeanguka aje tuzungumze."

Walikuja ishirini na watatu. Alikaa nao nyasini siku mbili, mmoja mmoja. Tisa hawakujua kitu, naye akawaambia hivyo usoni. Kumi na wanne aliwapa alama mpya, akatia sahihi, akampelekea Musembi orodha. Musembi aliifungia kwenye droo.

Baada ya siku kumi, Kavata alipewa barua ya uhamisho kwenda shule ya sekondari Mtito Andei. Ndila alirudia mwaka. Mashine iliendelea kusahihisha, na matokeo ya muhula uliofuata yalibandikwa bila jina la msahihishaji yeyote. Kavata alipoambiwa habari hiyo, alikuwa darasani na chaki mkononi. Aliivunja vipande viwili, akawapa wanafunzi kazi ya kufanya, kisha akaketi kuiandikia wizara barua ya tatu kuhusu mashine hiyo. Zile mbili za kwanza hazikuwa zimejibiwa.