Chakula cha Gobore

Kila gobore lina chakula chake. Hivyo ndivyo Mzee Gregori alivyokuwa akisema tangu alipohamia Chamazi kutoka Nachingwea, na ukikaa naye kidogo tu ungeyasikia maneno hayo, utake usitake. Hakuwa akisema habari za baruti. Baruti ni baruti. Alisema juu ya kile kinachosindiliwa mbele ya baruti, kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki na kwenda kuua.

Magobore yenyewe yalikuwa mawili, yote ya wazee, yote na vibali vyake vya zamani. Moja lilikuwa la Gregori, ambaye magoti yalikuwa yamemstaafisha, kwa hiyo alilibeba mwanawe Augustine. La pili lilikuwa la marehemu mume wa Chausiku, jirani wa ukuta mmoja, na alilibeba mtoto wa Chausiku, Badru. Vijana hawa walisoma darasa moja, wakacheza mpira timu moja, na sasa walikuwa wakilala pamoja kwenye mihogo ya bondeni, huko nyuma kuelekea Mkuranga, kuwangojea nguruwe pori.

Bunduki mbili zikilia kwa pamoja na mnyama mmoja akaanguka, watu hutoana macho. Ndiyo maana kwao Gregori wawindaji walikubaliana zamani: wewe chakula chako hiki, mimi changu kile. Mnyama akipasuliwa, kitakachokutwa ndani ndicho kitakachosema nani kaua, na mguu wa nyuma utakwenda kwa mwenye bunduki. Gregori aliileta sheria hiyo Dar es Salaam kama mwingine anavyoleta mbegu za kunde. Gobore lake lilikula vidonge vya risasi, ile risasi laini ya kijivu, ambavyo aliviyeyusha mwenyewe uani. Gobore la Badru lilikula gololi za chuma, zile zinazotolewa kwenye beringi mbovu, alizookota kwenye magereji ya Mbagala.

Gololi! Gregori alizidharau mpaka basi. Gololi ni kitu cha kiwandani, alisema, imezaliwa mviringo, haina cha kukufundisha. Lakini kidonge cha risasi lazima ukichague. Alivimwaga juu ya sahani ya bati, akavizungusha kimoja kimoja, na kilichoyumba kilirudi chunguni. Kilichokwenda sawa alikiuma kidogo. Kikikubali jino alikipangusa kwa shati na kukitia kwenye mkoba wa Augustine, akiwa ameridhika kama mwanamke aliyepata unga usio na pumba.

Sasa, Chausiku na mwanawe ni Waislamu, na nguruwe kwao ni kitu cha kufukuzwa shambani, si cha kupelekwa jikoni. Kwa hiyo gololi ya Badru ikiua, ule mguu wa nyuma haukuwa na wa kuupokea, na nyama yote ilibaki kwa Augustine, akaiuza kwa watu wa kitimoto kule Mbande. Kikiua kidonge cha risasi, mguu ulikuja kwa baba. Ilikuwa wazi, na hakuna aliyelalamika.

Ila mwaka huu kila nguruwe alikutwa na gololi. Kila mmoja. Gregori hakula mguu hata mara moja, na badala ya kujiuliza, alimcheka mwanawe mbele za watu.

"Mtoto wa Chausiku anakuacha mbali kwa shabaha," alisema. "Mie nakuchagulia vidonge kama lulu, wewe unapiga miti!"

Augustine alikuwa akiinama na kufunga kamba za viatu.

Basi asubuhi moja ya ukungu kitu kilitikisika nyuma ya mihogo, na magobore yote mawili yakalia. Nguruwe alikimbia. Aliyebaki chini alikuwa Kondo, mchoma mkaa, ambaye alikuwa ameamka kulitazama tanuri lake. Vijana walimbeba wenyewe mpaka barabarani, wakipokezana na kulia. Kondo alikata roho kabla hawajapata gari. Mchana ule wakachukuliwa na polisi, na baada ya mahakama kuwasomea kesi ya mauaji wakapelekwa mahabusu, Segerea.

Mwilini mwa Kondo kilitolewa kitu kimoja tu. Mmoja alipiga, mwingine alikosa. Habari ya kitu hicho ni kipi ilimfikia Gregori kupitia kwa Afande Suhaib, mpelelezi, aliyefika nyumbani kuuliza maswali.

"Imetoka gololi," alisema Suhaib.

Gololi haikuwa chakula cha gobore lake; Gregori alimshukuru Mungu. Mkwewe Yuliana, mke wa Augustine, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi na kufanya ishara ya msalaba.

"Afande," alisema Gregori, "uliza Chamazi nzima. Uliza Mbande. Gobore la mwanangu halijawahi kula gololi. Linakula risasi ninayoichagua mimi kwa mikono hii." Akaenda ndani akatoka na sahani ya bati na vidonge, akamwonyesha namna ya kuvizungusha, namna ya kuuma. Alieleza sheria ya Nachingwea mwanzo mpaka mwisho. Hakuwahi kusikilizwa vizuri namna ile, na Mungu amsamehe, alifurahia.

Suhaib alisema atamwita kituoni aje aseme hayo yote rasmi, na kwamba maneno yake yatakuwa na uzito.

Jioni Chausiku aliingia uani na khanga ya kichwani imemlegea. Alikuwa ametoka kumwona mwanawe.

"Shikamoo, baba Augustine."

"Marahaba, mama Badru. Karibu."

Hakukaa. "Badru kaniapia," alisema. "Anasema siku ile bunduki zote mbili zilikuwa na gololi. Anasema Augustine naye alikuwa akiweka gololi, na si siku ile tu. Mie sijui mambo ya bunduki. Wewe ndiye unayejua. Nataka uniambie tu, ni kweli? Kama mwanangu kaua, niambie nijue nalia nini."

Gregori alimhurumia kwelikweli. Lakini hasira nayo ilimpanda, maana aliona sheria ya wazee inachezewa. "Mama Badru, mtoto ameshikwa na woga. Angekuwa wangu angesema vilevile. Chakula hakibadilishwi. Augustine hawezi."

Chausiku aliitikia kwa kichwa taratibu, akashukuru, akaondoka. Kesho yake aliamka akapika chakula cha vijana wote wawili kama alivyokuwa akifanya tangu mwanzo, akakipeleka Segerea.

Wiki ile Gregori naye alikwenda. Alikuwa amejiandaa kumpa mwanawe habari njema, na alipomwona nyuma ya wavu, amekonda, nywele zimenyolewa, aliimwaga yote kwa pumzi moja: gololi, Afande Suhaib, sahani ya bati. "Utatoka, mwanangu. Kidonge kimekutetea."

Augustine hakufurahi. Alimtazama askari magereza aliyekuwa akipiga miayo pembeni, kisha akaanza kusema Kimwera, lugha ya nyumbani, ambayo hakuwa ameisema na baba yake tangu mama yake azikwe.

"Baba, niliweka gololi."

"Siku ile?"

"Mwaka mzima."

Gregori alisubiri, labda kuna maneno mengine yangefuata na kuyageuza haya.

"Ni ule mguu," alisema Augustine. "Kidonge kikikutwa, mguu ni wako. Gololi ikikutwa, nguruwe mzima nauza. Mtoto alikuwa anaumwa, Yuliana hana kazi, na wewe baba huwezi kuombwa uache mguu, wewe ni sheria tu. Nikamwomba Badru gololi. Alicheka, akanipa. Vidonge vyako vyote viko chini ya kitanda, kwenye kopo la maziwa."

"Kondo ulimpiga wewe?"

"Sijui, baba. Naapa sijui. Tulipiga pamoja. Kila usiku najaribu kukumbuka mtutu wangu ulikuwa umeelekea wapi, na kila usiku unaelekea pengine." Akakandamiza vidole kwenye wavu. "Badru ameshasema ukweli. Hakuna anayemwamini. Wote wanasema mzee Gregori kasema."

Askari akasema muda umekwisha.

Aliporudi nyumbani Gregori aliinama chini ya kitanda cha mwanawe. Kopo lilikuwepo, zito, mkono mmoja haukuweza kulinyanyua. Vilikuwemo vyote, vya mviringo, vizuri, na kwenye kila kimoja alama ndogo ya jino lake. Alikaa sakafuni. Alilia kwa sababu ya Kondo, na kwa sababu ya vijana wale, na pia, ni aibu kusema, kwa sababu ya mguu wa nguruwe. Angeombwa tu. Lakini alijijua, na alijua angejibu nini.

Yuliana alimkuta pale. Alilitazama kopo, na kwa jinsi alivyofunga mlango haraka, Gregori alielewa kwamba alikuwa akilijua siku zote.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "ukilisema hili hutamtoa Badru. Utawafungia wote. Gololi ni gololi, nani atajua ya nani? Ukinyamaza, angalau mmoja anarudi. Mwanangu ananiuliza baba yuko wapi."

Alisema kweli, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wake. Gregori aliupindua ukweli huku na huku kama alivyopindua vidonge kwenye sahani, na upande wowote alioutazama haukumwokoa mtu.

Kituoni walimwita siku ya Alhamisi. Kwenye benchi la ukumbini alimkuta Chausiku, ambaye naye alikuwa ameitwa, na miguuni pake kapu lenye hotipoti mbili za kupeleka Segerea. Alimwamkia, akasogea ili mzee apate pa kukaa. Mlango wa chumba cha Suhaib ulikuwa wazi, na Gregori alipoingia, alijua kwamba kila neno litasikika mpaka kwenye benchi.

Suhaib aliweka vitu viwili mezani, juu ya karatasi nyeupe: gololi moja na kidonge kimoja cha risasi, kimojawapo cha vile vya sahani ya bati.

"Mzee, maelezo yako nimeshayasikia. Nataka jambo moja tu, kwa kumbukumbu. Niwekee kidole. Kipi ni cha bunduki ya Augustine?"

Gololi iling'aa. Kidonge kilikaa kimya, kijivu, na alama yake ya jino. Gregori alivitazama. Alifikiri, vipi nikigusa vyote viwili? Mkono wake ulinyanyuka, na kwa muda kidogo hata yeye hakujua unakwenda wapi. Aliona vidole vya Augustine kwenye wavu. Aliona vya Badru pia, alivyovifundisha mwenyewe kushika mtutu kijana alipokuwa na miaka kumi na mitano, maana baba yake alikuwa ameshakufa.

Aliweka kidole juu ya kidonge.

"Siku zote?" aliuliza Suhaib.

"Siku zote."

"Hata siku ile?"

"Chakula hakibadilishwi," alisema Gregori. Sauti ilikuwa yake, ileile ya kila siku.

Alipotoka, Chausiku alikuwa ameinamisha kichwa. Gregori alitaka kupita moja kwa moja mpaka nje, lakini mama yule alimshika mkono, akamkalisha. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Nimesikia," alisema. "Basi, mwanangu kanidanganya mie mama yake. Lakini nakushukuru, baba Augustine. Majirani wananiambia eti atatoka, eti Mungu mkubwa, wananibembeleza kama mtoto. Wewe peke yako hukunificha."

Gregori alishika ukingo wa benchi ili ajiinue.

Chausiku alivuta kapu, akafungua hotipoti moja. Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga. "Hii ilikuwa ya Augustine, lakini kwa maneno yako Insha'Allah yeye atapakuliwa na mkewe nyumbani. Na wewe toka asubuhi hujatia kitu tumboni, nakuona. Nawa mikono, ule."

"Mama Badru, mie..."

"Kula, mzee wangu. Baba yake Badru angekuwa hai angekula na wewe."

Alimmiminia maji ya kunawa kwa mkono wake mwenyewe. Kukataa kungekuwa ni kusema. Gregori alinawa, akamega wali, akaweka mdomoni, na Chausiku akakaa pembeni yake akimtazama mpaka alipomaliza chote.