Mkono wa Mgongoni

Mume wangu Sonnich amenisahau. Kila asubuhi huniuliza mimi ni nani, nami kwa hasira humjibu, "Mpishi wako!"

Jumamosi tulialikwa harusi ya jirani, hapahapa kijijini kwetu Sønderho, kisiwani. Fidla ilipoanza ngoma yetu, ile tuliyoachiwa na mabaharia wa kijiji, nilimwinua kitini kwa nguvu.

"Samahani mama, mimi sijui kucheza," akaninong'oneza.

"Hebu simama, usinitie aibu!"

Nikaupeleka mkono wangu wa kulia mgongoni mwangu, kama tunavyocheza sisi. Akaudaka palepale bila kuutazama. Tukatembea taratibu kuzunguka ukumbi, kisha mwenyewe akaanza kunizungusha, macho yake yakiwa ndani ya yangu. Wageni kutoka ng'ambo walikuwa wakihesabu hatua kwa midomo na kugongana. Sonnich hakumgonga mtu.

"Unacheza kama mke wangu," akasema.

"Kwani yeye anachezaje?"

"Hunikanyaga kila tukigeuka." Akanivuta karibu zaidi, mdomo sikioni. "Lakini tafadhali usimwambie. Akijua, ataacha kucheza na mimi."